Babu, Bibi na Mpishi wa Mguu Mmoja

Kitabu chenyewe hakikuwa na kichwa wala miguu. Jalada lilikwisha kung'oka zamani, kurasa za mwanzo hazipo, na za mwisho zilikatika sentensi ikiwa njiani. Nilikikuta mwaka 1986 ndani ya sanduku la bati la marehemu baba mdogo, chini ya mashati yake ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyagawa. Tulikuwa tunakaa Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, na mimi nilikuwa darasa la tano. Hakuna aliyeweza kuniambia kinaitwaje wala nani kakiandika. Nyumbani kwetu kikawa kinaitwa "kile cha maharamia", basi.

Babu yangu alikuwa mtu wa majahazi. Alianza mpishi wa chombo, ndevu hazijaota, akamaliza nahodha. Alipanda na kushuka mwambao huu, Tanga, Wete, Mombasa, Lamu, akipakia boriti za mikoko, nazi, chumvi, chochote chenye nauli. Kusoma alisoma vizuri, lakini kwa herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu zilimshinda, au alizikataa, maana alikuwa mtu wa kukataa vitu. Kwa hiyo kila baada ya isha alikuwa akiketi barazani, chemli pembeni, ananiambia, "Mke wangu, hebu tuendelee na watu wetu." Nami nasoma.

Naweza kusema nilimjua mwandishi yule kwa masikio ya babu kabla sijamjua kwa jina.

Usiku wa kwanza ninaoukumbuka sawasawa ni ule wa kasha. Baharia mmoja mlevi amefia kwenye nyumba ya wageni ya kina Jim, yule mvulana wa hadithi, anadaiwa, na maharamia wenzake wako njiani kuja kuchukua mali yake. Jim na mama yake wanafungua kasha. Mna fedha za kila nchi, zimechanganyikana. Sasa mama anasema yeye atachukua deni lake tu, hataki hata senti moja zaidi, wala hakubali senti moja pungufu. Tena anajua kuhesabu kwa gini za Kiingereza peke yake, na gini ndizo chache humo kashani. Basi anachambua sarafu moja moja, huku nje kipofu anakuja akigongagonga fimbo yake barabarani.

Bibi alikuwa uani anatwanga mchele wa vitumbua vya kesho. Siku zote alikuwa akisema hana muda na maharamia. Pale mchi ulisimama hewani.

"Kahesabu ngapi?" akauliza.

Nikamwambia hajamaliza, imebidi wakimbie.

"Na deni halikutimia?"

"Halikutimia, bibi."

Akashusha mchi. "Watu hawana haya," akasema, na mimi mpaka leo sijui alikuwa anawasema maharamia au wanaokopa vitumbua vyake. Lakini kuanzia siku ile kazi ya kutwanga ilihamia karibu na baraza.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kitabu kile kiliandikwa kwa sharti kuwa kisiwe na mwanamke. Sharti lilitoka kwa mtoto wa kambo wa mwandishi, mvulana wa miaka 13, na mwandishi akamwandikia rafiki yake kwa utani kwamba hiyo ni amri, yeye anatii tu. Nilicheka peke yangu. Mwanamke mmoja alipenya, mama Jim, na huyo mmoja ndiye aliyemkamata bibi yangu.

Babu yeye alishikwa na chombo. Mle kashani mlikuwa na ramani ya kisiwa chenye hazina, na walipofika mahali pa kukodi mabaharia wa kwenda kuitafuta, bwana mmoja mwenye fedha zake anayegharimia safari, mdomo haufungi, anakutana bandarini Bristol na mpishi mwenye mguu mmoja na gongo la kutembelea, anapendezwa naye, anamwachia amtafutie mabaharia. Babu akaniambia nisimame.

"Nani kachagua mabaharia?"

"Mpishi, babu."

"Nahodha yuko wapi?"

"Bado hajatajwa."

Akatikisa kichwa, akamgeukia bibi kana kwamba bibi ndiye mwenye chombo. "Hicho chombo si chake tena. Mwenye kuwaita mabaharia ndiye nahodha, hata akiwa anakoroga uji." Halafu akaeleza, mimi nikiwa nimeshika ukurasa kwa kidole, kwamba kwenye jahazi mpishi hudharauliwa na ndiye anayejua siri za chombo kizima, kwa kuwa hakuna asiyekwenda kwake na sahani. Yeye alipokuwa mpishi alijua nani anamchukia serahangi, msimamizi wa mabaharia, nani ana mpango wa kuteremka Mombasa asirudi. Walikuwa wakisema mbele yake kama wanavyosema mbele ya paka.

Usiku uliofuata nahodha akatokea. Maneno yake ya mwanzo mbele ya wakubwa ni ya manung'uniko: safari haipendi, na mabaharia angepaswa kuwachagua mwenyewe. Babu hakusema kitu. Alijinyoosha tu mkekani kama mtu aliyelipwa.

Pipa la matufaha ndilo lililotuletea ugomvi. Jim anaingia ndani ya pipa kutafuta tunda la mwisho, anasinzia kidogo, mpishi anakuja kuegemea pipa lile lile, na hapo ndipo tunasikia njama yote. Mimi nilikuwa nawaza matufaa yetu ya Tanga, yale mekundu laini yenye kokwa kubwa. Babu vilevile. "Matufaa gani hayo ya kukaa miezi baharini? Siku ya tatu yangekuwa pombe." Tukabishana usiku mzima. Nilipokuja kula tofaa la Kizungu kwa mara ya kwanza, Dar es Salaam, nikiwa mtu mzima, nililiuma nikamkumbuka. Gumu lile, kweli lingefika.

Kasuku ndiye hakutuletea tabu. Kasuku wa mpishi ana kazi moja, kupiga kelele za sarafu za Kispania, zile zilizokuwa na thamani ya reale nane. Neno "reale" babu alikuwa nalo. Wazee wake walihesabu kwa reale, hata mahari ya mama yake ilitajwa hivyo. Akasema kasuku yule ana haki, huenda anadai mshahara.

Nikatambua baadaye, nikiwa natafuta kueleza kwa nini kitabu cha watoto kutoka Uskoti kilimweka mzee wa Kitanga macho mpaka saa tano usiku, kwamba hakikuwa kinamfanya mtoto. Hakikumweleza nani mbaya. Mpishi yule, Long John Silver, ni muuaji. Kuna mahali anamtupia baharia mwaminifu gongo la mgongo, kisha anamrukia kwa mguu wake mmoja na kummaliza kwa kisu, na Jim anaona yote akiwa kichakani. Ukurasa wa kesho yake unampenda tena. Ana maneno matamu, ana akili, anamwita mtoto kama mtu mwenzake. Babu alijua watu wa namna hiyo. Alisafiri nao.

Kurasa zikaisha kabla ya hadithi. Tulifika pale shimo linapokutwa tupu, hazina haimo, maharamia wanamgeukia mpishi, kisha karatasi hakuna. Nililia kabisa. Nikatunga miisho yangu: mpishi ananyongwa, mpishi anatubu, mpishi analiwa na papa. Babu alinisikiliza yote, akasema: "Huyo hanyongwi. Atatoroka. Usiku. Na hatoki mikono mitupu."

Babu alifariki mwaka 1991. Mimi nikaingia chuo cha ualimu, na ndipo nikakutana na kile kitabu kikiwa na mwili wake wote. *Kisiwa chenye Hazina*, kimefasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson pamoja na E. W. Brenn, mwaka 1929. Johnson huyo ndiye aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyosanifu Kiswahili. Mwandishi ni Robert Louis Stevenson. Nilisoma sura ya mwisho nimesimama, sikutafuta kiti. Hazina imepakiwa, chombo kiko njiani kurudi, kimetia nanga katika bandari moja ya Amerika ya Wahispania. Usiku mpishi anatoroka kwa mashua, na amejichukulia mfuko mmoja wa fedha.

Nikafunga kitabu. Nilikuwa na hamu ya kumwambia mtu, na mtu mwenyewe hayupo.

Kuanzia hapo nikaanza kumfuatilia Stevenson kama unavyofuatilia ndugu uliyeambiwa yuko mji fulani. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1850, katika ukoo wa wajenzi wa minara ya taa za baharini. Babu yake ndiye wa mnara wa Bell Rock, na ilitarajiwa naye ashike kazi hiyo. Kifua kilimkatalia. Utoto wake mwingi aliupitia kitandani akikohoa, na yaya wake, Alison Cunningham, akikesha naye na kumsimulia hadithi. Mashairi yake ya watoto ya mwaka 1885 amemtunukia yaya huyo, na ndani yake kuna mtoto mgonjwa anayepanga askari wa kuchezea juu ya mikunjo ya blanketi, mikunjo ikawa ndiyo milima.

Kisiwa nacho kilizaliwa ndani ya chumba. Ilikuwa mwaka 1881, kijiji cha Braemar, mvua haikatiki, na yule mtoto wa kambo, Lloyd, ana rangi zake za maji na hana pa kwenda. Ikachorwa ramani. Stevenson aliandika kwamba aliichora yeye. Lloyd alipokuwa mtu mzima akasema hapana, mimi ndiye niliyeanza, yeye akaja akaongezea majina. Mimi namwamini mtoto, lakini sina ushahidi zaidi ya kwamba nimefundisha miaka mingi. Vyovyote, ramani ilitangulia na hadithi ikafuata, sura 15 kwa siku 15, kila sura ikisomwa kwa sauti nyumbani. Baba yake Stevenson, mhandisi mzee wa minara, akanogewa, akaandika orodha ya vitu vya kuwekwa kwenye lile kasha la baharia. Sura zilizobaki zilimaliziwa Davos, Uswisi, alikokwenda kuuguza mapafu. Gazeti la watoto likaichapa kwa vipande, nayo haikuvuma. Ilivuma ilipokuwa kitabu, mwaka 1883.

Ramani ya kwanza ilipotea. Aliituma kwa wachapaji, wao wakasema haikufika. Ikabidi ichorwe upya, kwenye ofisi ya baba yake, na mzee akaighushi sahihi ya haramia kwa mkono wake mwenyewe. Stevenson alisema ile ya pili haikuwa tena kisiwa chake.

Mwishoni alihamia Samoa. Huko wenyeji walimwita Tusitala, mwandishi wa hadithi, na hadithi yake ya chupa yenye jini ikachapwa kwa Kisamoa mwaka 1891. Wageni waliofika nyumbani kwake wakawa wanatazama huku na huku na kuuliza chupa yenyewe iko wapi. Hapo nilimwona kama mtu wa kwetu kabisa. Hata Tanga ukijenga nyumba kubwa upesi utaulizwa jini wako unamfuga wapi. Alifariki Desemba 1894, akiwa na miaka 44, na Wasamoa wakafyeka njia mpaka kileleni mwa mlima Vaea wakambeba kumzika huko.

Baada ya kuyajua yote hayo, unadhani nilikwenda kukifundishaje?

Vibaya. Nilipata darasa la tano, kipindi cha maktaba, Alhamisi mchana, joto la kuyeyusha sabuni. Nikawasomea sura ya kwanza, nikafunga kitabu, nikauliza kama nilivyofunzwa kuuliza: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mikono ikainuka. Tusiibe. Tuwatii wazazi. Uvivu ni mbaya. Hakuna mvivu hata mmoja katika sura ile, lakini jibu la uvivu hutolewa kwa kila hadithi, kama chumvi. Sura ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Ya nne, mtoto mmoja wa nyuma, mpole, akaniuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, tukiendelea kujifunza, kisiwani tutafika lini?"

Kosa la pili lilikuwa la kuwaonea huruma. Nilipofika kwenye yale mauaji ya gongo na kisu nikayaruka. Nikasema yule baharia, Tom, akaondoka. Basi. Wiki iliyofuata wakauliza Tom kaenda wapi. Wiki iliyofuata, Tom atarudi lini. Mwingine akakata shauri kwamba Tom ndiye aliyeihamisha hazina, na darasa zima likamuunga mkono, na kwa kweli kwa jinsi nilivyosimulia mimi ilikuwa inaingia akilini. Nikashindwa. Nikawarudisha nyuma kurasa kadhaa nikawasomea Tom alivyokufa. Kimya kilichoingia mle darasani sijakisahau. Hakuna aliyelia. Msichana mmoja akasema polepole, "Kumbe ndiyo maana Jim alikimbia."

Nilikuwa nimewaficha sababu ya woga, halafu nawashangaa hawaogopi.

Sikuuliza tena inafundisha nini. Nilianza kuuliza maswali ya babu. Nani kachagua mabaharia? Ungekuwa wewe ndani ya pipa ungetoka saa ngapi? Mpishi akikuita mwanangu, unaitika? Wakagawanyika makundi mawili, wa mpishi na wasio wa mpishi, na ugomvi ukawa unatoka nje nao mpaka mapumziko.

Ramani zilikuja zenyewe. Nilidhani watachora kisiwa cha kitabuni. Wengi walichora Toten, kile kisiwa kidogo cha mikoko mbele ya bandari yetu, chenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ambacho Wajerumani walikipa jina la wafu. Nilikiona kila siku ya maisha yangu kutoka ufukweni Raskazone na sikuwahi kukiunganisha. Na hazina yao haikuwa ya haramia Flint. Ilikuwa ya Mjerumani. Hili kila mtoto wa Tanzania anazaliwa nalo, kwamba Mjerumani alipokimbia vita ya kwanza alizika dhahabu, na kuna mtu, siku zote ni mjomba wa jirani, anayejua mti wenyewe. Kwa uchache dhahabu ilikuwapo: mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, walifua Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Niliwaambia hilo. Afadhali nisingewaambia, kwa sababu Jumatatu yake bustani ya maua mbele ya ofisi ilikutwa na mashimo sita, na aliyenyeshewa maneno ni mimi. Mashimo niliyafukia mwenyewe na watoto wanne, wakiwa wanachungulia udongo mpaka koleo la mwisho.

Nimekisoma kitabu kile na madarasa mengi tangu hapo. Si kila kitu kimekaa vizuri. Namna kinavyomtaja mke wa mpishi, mwanamke mweusi aliyebaki Bristol akishughulikia fedha za mumewe, ni ya watu wa enzi ile, na maneno mengine nayabadilisha nikisoma. Mbwembwe za mabwana wakubwa huwachosha watoto, nazipitia mbio. Lakini Ben Gunn, yule aliyeachwa peke yake kisiwani miaka mitatu akiota jibini, naye namsoma polepole. Mwishoni anapewa pauni elfu moja na anazimaliza kwa siku 19, ya 20 yuko barabarani anaomba. Watoto hupigia hesabu, kwa siku alikuwa anatumia kiasi gani, na alikuwa ananunua nini. Jibini, wanasema.

Mwaka huu tulimaliza sura ya mwisho siku ya Ijumaa, jua limeshageuka. Mpishi akatoroka. Nusu ya darasa ikapiga makofi, kijana mmoja akakasirika kweli, anataka kujua polisi walikuwa wapi. Nikawaacha wabishane mpaka kengele. Msichana wa dawati la mbele, ambaye muhula mzima alinena mara mbili tatu, akabaki.

"Mwalimu, alimkuta mkewe?"

"Kitabu kinasema labda."

Akafikiri.

"Na kasuku alikwenda naye?"

"Alikwenda naye."

"Basi alimkuta," akasema, na akachukua ufagio, maana zamu ya kufagia ilikuwa yake.